Sahani Isiyoota Kitu

Mlinzi hulipwa ili atulie. Jumatano ile Lambert hakutulia hata dakika tano. Alikaa kwenye kiti cha plastiki pale mapokezi, akainuka. Akaenda mlangoni akatazama magari ya Randburg yakisukumana kwenye robot, yaani taa za barabarani, zilizozimwa na mgao wa umeme, akarudi. Akafungua daftari la matukio, akaandika saa, akaikata, akaandika saa ileile tena. Glody, mwenzake wa getini, alimchungulia dirishani akatikisa kichwa. Alidhani mwenzake ameshikwa na tumbo.

Haikuwa tumbo. Homa ilikuwa imemrudia mkewe.

Na homa peke yake isingemnyima mtu mzima kiti. Shida ni kwamba siku tatu tu kabla ya hapo, Jumapili, Léocadie alisimama mbele ya kanisa zima kule katikati ya jiji, ghorofa ya tatu ya jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha kushona makoti, akashika kipaza sauti akashuhudia. Akasema homa imemtesa miezi miwili, inakuja jioni na kumtoa jasho la kulowesha shuka, nguo zote zinampwaya, na saluni anakosuka hawezi tena kusimama kusuka kichwa cha pili. Akasema tangu Jumanne alipowekewa mikono, imekwisha. Vigelegele vilipigwa. Mchungaji François aliruka juu kama kijana. Maman Clémentine, mkuu wa kina mama wa maombi, alimkumbatia akalia machozi ya kweli.

Watu wa kanisa lile hawatoi ushuhuda kisha wakausahau. Ukishasema umepona, umepona. Ukionekana unatetemeka wiki inayofuata, ama ulimdanganya Mungu, ama imani yako imevuja mahali, na watu watakuja chumbani kwako kutafuta tundu liko wapi.

Kuna jambo Léocadie hakulitaja kwenye kipaza sauti, na Lambert naye alijitia hamnazo. Jumanne ileile alikuwa amemletea vidonge vya rangi mbili kutoka kwa mchuuzi wa mjini, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Mkewe alivimeza siku tatu, homa ikashuka, akaacha. Ilikuwa mara ya nne. Homa inapanda, vidonge, homa inashuka, sifa na shukrani, homa inapanda.

Genereta ilinguruma nyuma ya jengo. Lambert alishukuru, maana sasa alikuwa na kazi ya miguu. Jengo lilikuwa la maabara ya utafiti, na kila umeme unapokatwa mlinzi wa mapokezi lazima apande ghorofa ya pili kila baada ya saa moja, asome joto la kabati fulani la chuma na kulitia sahihi. Likishuka chini ya thelathini na saba, apige kelele.

"Thelathini na saba," alisoma. Akaandika. Hakuondoka.

Tabia, mwenye kabati, alikuwa ameinamia meza yake, ushungi umechomekwa ndani ya koti jeupe, glavu za buluu mkononi. Alikuwa mtu wa Tanga, mwaka wa mwisho wa masomo yake ya udaktari wa sayansi, na katika jengo lote ni yeye tu aliyezungumza Kiswahili na walinzi, pengine kwa sababu Kiswahili cha Lambert cha Bukavu kilimchekesha.

"Baba Arlène, umeanza kulipenda kabati langu?" alisema bila kugeuka.

"Niko nauliza tu, Dada Tabia. Mule ndani iko nini?"

Tabia alipenda kuulizwa. Akamwambia mle mna seli za binadamu, zile zinazotandika mshipa wa damu kwa ndani kama vigae vya bafuni. Alizitoa kwenye mshipa wa kitovu cha mtoto mchanga aliyezaliwa salama, mama yake akaridhia. Na leo amezimwagia bakteria wa mdomoni, wale wanaoishi kwenye fizi zinazooza.

"Wa mudomo? Wanatafuta nini mu damu?"

"Fizi yako ikitoka damu, si ndiyo mlango umekaa wazi? Wanaingia. Wengi wanafagiliwa humohumo na askari wa mwili. Lakini hawa wangu wana vinyweleo." Alikunja vidole vyake vya buluu kama makucha, akavishikiza juu ya ngumi ya mkono wa pili. "Wanajishikiza hivi kwenye seli. Hawavunji. Wanashika tu, wanapapasa, mpaka seli yenyewe inadhani imepata kitu chake, inakunja ngozi yake na kuwameza. Basi. Wamelala ndani, kitanda wametandikiwa."

Lambert alitazama ile ngumi iliyomezwa na vidole. Hakuipenda.

"Na dawa?"

"Ndiyo kazi yangu ya leo. Nawaacha dakika tisini washike. Nasuuza. Halafu natia dawa inayoua kila aliye nje, lakini yenyewe haiwezi kupenya ndani ya seli. Baadaye napasua seli, namwaga kila kitu kwenye sahani, nangoja. Anayeota ni aliyekuwa amejificha ndani." Akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Mbona unakanyagakanyaga hivyo? Choo kiko chini."

"Kuko mama moja," Lambert alisema. "Jirani yetu pale Bellevue. Iko na homa. Inakuya, inaenda, inarudia. Miezi mbili."

"Jirani."

"Jirani, ndiyo."

"Fizi zake?"

Lambert alikohoa. Fizi za huyo jirani alizijua kuliko za kwake. Jirani alikuwa msusi, na msusi wa kweli ana mkono wa tatu, yaani meno. Sindano ya kushonea nywele anaibana kwa meno. Uzi anaukata kwa meno. Pakiti ya nywele anaipasua kwa meno huku mikono ikishikilia kichwa cha mteja. Miaka sasa, akisuuza kinywa asubuhi, sinki linabaki jekundu, na jino moja la chini limelegea mpaka anaweza kulitikisa kwa ulimi. Aliyasema yote hayo, na alipokuwa akisema akaona Tabia anavua glavu.

"Utotoni aliwahi kuambiwa ana tatizo la moyo?"

"Docta ya Bukavu aliambiaka mama yake, moyo ya mutoto iko na kelele. Alikuwa na miaka tisa. Mama yake njo alinieleza."

"Baba Arlène," Tabia alisema polepole, na sauti ya mzaha ilikuwa imekwisha kabisa. "Mie si daktari wa watu. Mie nacheza na sahani. Lakini mpeleke mkeo hospitali kesho, usingoje keshokutwa. Moyo wenye kovu ndipo bakteria wa mdomoni hupenda kushika, na wakishajenga hapo wanaula. Watu wanakufa kwa hilo. Waambie wamtoe damu waioteshe. Na kabla ya kutolewa damu asiguse kidonge chochote. Hata kimoja. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Alisikia. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba alisikia vizuri kabisa.

*

Nyumba yao ya Bellevue ilijengwa kwa ajili ya familia moja, na sasa ilikuwa na familia sita. Mwenye nyumba alikuwa amegawa sebule kwa mbao, amegawa hata baraza, lakini korido ilibaki moja na jiko moja, na jiko lilikuwa mwishoni mwa korido, kando ya mlango wa kutokea. Kila alfajiri Maman Clémentine alisimama pale akikaanga mandazi ya kuuza. Hakuna aliyetoka nyumba ile bila kupita mbele ya macho yake.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, Léocadie aliketi ukingoni mwa kitanda amevaa tayari, kilemba kichwani, na meno yakigongana. Binti yao Arlène alikuwa bado amelala.

"Twende," Lambert alisema. "Foleni iko murefu."

"Siendi."

"Mama Arlène."

"Siwezi pita mbele ya Maman Clémentine niko natetemeka hivi. Siku ya Mungu, pale kanisani, alinililia. Aseme nini sasa? Aseme Léocadie ni mwongo?" Alijikumbatia, kitanda kikatikisika naye. "Ikishuka, nitaenda. Kesho."

Kesho yake Lambert aliijua. Kesho ingekuwa Jumatatu, halafu mwezi ujao. Alimshika mkono, ulikuwa moto kama pasi. Alimwomba, akamkaripia, akamwomba tena. Huko nje mafuta yalichemka na Maman Clémentine aliimba pambio. Ndipo mkono wa Lambert ulipokwenda wenyewe kwenye mfuko wa jaketi lililoning'inia nyuma ya mlango, kwenye kile kipande cha gazeti.

Vidonge viwili tu. Alijiambia dawa ni dozi kamili, viwili si dawa, ni vya kumsimamisha tu mtu afike hospitali. Alijiambia pia kwamba Tabia anashughulika na sahani, na sahani haina korido. Léocadie alivimeza kwa chai ya rangi pamoja na panadoli mbili. Baada ya saa moja jasho lilimtoka, mtetemo ukakatika, akajipaka mafuta usoni.

"Bwana asifiwe, Maman Léo!" Maman Clémentine aliita kutoka jikoni.

"Asifiwe sana!" Léocadie alijibu, akapita amenyooka.

Hospitalini waliwahi foleni. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya usingizi, mpole, anauliza kwa Kiingereza huku akiandika. Kiingereza cha Léocadie kiliishia kwenye rangi za nywele na urefu wake, kwa hiyo Lambert alitafsiri. Homa tangu lini? Miezi miwili. Umepungua uzito? Ndiyo. Kisha daktari akainua kichwa akauliza, je, ametumia dawa yoyote, antibiotiki yoyote, hivi karibuni?

Lambert alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama yeye, hajui limeulizwa nini. Akili ya Lambert ilizunguka haraka haraka. Akisema ndiyo, atagombezwa, watarudishwa nyumbani waje wiki nyingine, na wiki nyingine hatamtoa mle chumbani kwa namna yoyote. Damu ikichukuliwa leo, angalau imechukuliwa.

"Hapana, daktari," alisema. "Hakuna."

Daktari akaandika hakuna.

*

Majibu yalitoka Jumatano iliyofuata. Chupa za damu zilikaa siku tano na hazikuota kitu. Daktari alisema hizo ni habari njema, ila uzito uliopungua bado unamsumbua, watapima kifua na vitu vingine, warudi baada ya wiki mbili. Akawapa nakala yenye mhuri.

Léocadie hakuikunja ile karatasi. Aliibeba wazi mpaka nyumbani. Na kwa kweli alionekana mzima. Wiki nzima hakutetemeka hata jioni moja. Alikwenda saluni, akasuka vichwa viwili kwa siku, akarudi anaimba. Lambert alimtazama kwa pembe ya jicho, akitaka sana kufurahi. Usiku aligeuka na kugeuka kitandani mpaka mkewe akamwambia ahamie sakafuni. Kazini alimaliza soli ya kiatu. Kila alipopita na kifimbo chake cha doria akikigusisha kwenye vidude vya ukutani vinavyorekodi kwamba mlinzi amepita, alijikuta anahesabu: viwili. Nilimpa viwili tu.

"Siku ya Mungu nitapanda tena," Léocadie alimwambia Jumamosi, akipiga pasi kitenge chake cha heshima. "Mchungaji amesema nilete karatasi. Wale walisema ni maneno ya mudomo tu, sasa waone mhuri."

"Ngoja kwanza, Mama Arlène. Docta alisema bado kuko vipimo."

"Wewe unataka niwe mgonjwa?"

Swali hilo halina jibu ambalo mume anaweza kulitoa akalala salama. Lambert alikwenda kukunja sare yake ya kesho. Jumapili alikuwa na zamu, kwa hiyo asubuhi mkewe alikwenda kanisani na Arlène, na yeye akaenda Randburg, roho juu.

Saa nne na nusu umeme ulikatika. Alipanda ghorofa ya pili. Tabia alikuwepo, kwa kuwa bakteria, alivyopenda kusema, hawaijui Jumapili wala Ijumaa.

"Njoo uone watoto wangu!" alimwita. "Siku kumi na moja nimewangoja. Hawa hawana haraka kabisa."

Mezani kulikuwa na sahani mbili za duara, kila moja imetandazwa kitu chekundu kizito kilichochanganywa na damu ya farasi. Lambert aliinama. Sahani ya kwanza ilikuwa nyekundu tupu, nzuri, haina hata doa.

"Hii imepona," alisema.

"Haijapona. Hii ni maji ya kusuuzia. Nilitia dawa, waliokuwa nje wakafa, ndiyo maana hakijaota kitu. Ukiiangalia hii peke yake utafanya sherehe." Akasogeza ya pili. "Sasa hii hapa ni seli zilezile, kisima kilekile, nilipozipasua."

Sahani ya pili ilikuwa na madoa. Madogo, meusi tititi, yanameta, kama mtu amenyunyiza punje za pilipili manga. Harufu yake ilikuwa ya kinywa cha mgonjwa. Lambert aliijua. Alilala kando yake kila usiku.

"Walikuwemo muda wote," Tabia alisema kwa furaha ya mtu ambaye kazi yake imefaulu. Kisha akakumbuka. "Enhe, na damu ya mkeo? Walisemaje?"

"Chupa haikuota kitu."

"Alhamdulillahi."

Lambert alikuwa bado anaitazama sahani ya kwanza.

"Dada Tabia. Kama mutu amekunywa dawa asubuhi, mbili tu, saa tatu wakamutoa damu..."

Tabia aliweka sahani chini. Alifanya hivyo taratibu sana.

"Ulimpa?"

"Alikuwa anatetemeka. Kuko mama mu korido..."

"Mlimwambia daktari?"

"Mimi njo nilitafsiri. Nilisema hapana."

"Baba Arlène!" Alipiga meza kwa kiganja, sahani zikaruka. "Chupa yake ndiyo hii! Ndiyo hii safi! Daktari anaangalia hii na wewe ndiye umemnyima ile nyingine. Yuko wapi sasa hivi?"

Lambert alitazama saa ya ukutani. Ushuhuda huanza saa tano na robo, baada ya nyimbo.

Alishuka ngazi tatu tatu. "Glody, nishikie kila kitu," alisema getini, akamtupia funguo na kifimbo cha doria, na kabla Glody hajafungua mdomo alikuwa ameshavuka barabara akiwa na sare yake, mkono juu, kidole kikiashiria teksi ya kwenda mjini.

*

Lifti ya lile jengo haijawahi kufanya kazi tangu enzi za makoti. Lambert alipofika ghorofa ya tatu alikuwa hana pumzi. Kanisa lilikuwa limejaa, na mbele kabisa, chini ya taa za genereta, Léocadie alikuwa amesimama na kitenge chake cha heshima, kipaza sauti mkono mmoja, karatasi mkono wa pili.

"...na madaktari wenyewe wameandika," alikuwa anasema. "Wametafuta mu damu, hawakupata kitu!"

"Alleluia!"

Lambert alianza kutembea kati ya viti. Watu walipoona sare ya mlinzi inakwenda mbele kwanza walishtuka, kisha wakamtambua.

"Mume naye amekuja!" Mchungaji François alipaza sauti. "Ameacha kazi aje kumshukuru Mungu! Mpigieni Bwana makofi!"

Makofi yalimpokea mpaka jukwaani, makofi ambayo hajawahi kupigiwa maishani. Maman Clémentine, mstari wa kwanza, alikuwa ameshaanza kulia. Léocadie alimtazama kwa mshangao, akatabasamu, akampa kipaza sauti. Lambert alitamani sakafu ya saruji ifunguke. Haikufunguka.

"Ile karatasi," alianza, na spika zikapiga mluzi. "Docta aliuliza kama bibi yangu amekunywa dawa. Mimi njo nilijibu. Nilisema hapana. Na asubuhi ile nilimupatia mbili, na mikono yangu. Dawa inaua kile kiko inje, cha ndani kinabaki, njo maana hawakupata kitu. Karatasi haina makosa. Mimi njo nilisema uongo. Bibi yangu iko mugonjwa, na kama sikusema leo, atakufa."

Kanisa lile lilikuwa na watu mia tatu na ulisikia genereta ya chini ikikohoa. Mchungaji François alibaki na mkono hewani. Lambert aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, lakini alimtazama mkewe tu, akingoja kofi, maana alistahili.

Léocadie alichukua kipaza sauti. Aliweka karatasi chini, akafungua mkoba wake, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa vizuri, kama kile cha Lambert, ila kikubwa zaidi.

"Leo nilikunywa tatu," alisema polepole. "Na jana tatu. Kila siku, tangu tutoke hospitali. Nilienda kununua mimi mwenyewe." Akakifungua, vidonge vya rangi mbili vikaonekana. "Juu ya vile niliwaambia nimepona. Sasa nitatetemeka namna gani mbele yenu?"

Léocadie akayumba. Lambert alimdaka kabla hajafika chini, na katika kumdaka akasikia mifupa yake mgongoni, mmoja mmoja.

*

Walitoka kanisani moja kwa moja mpaka hospitali, na yule daktari mdogo ndiye aliyekuwa zamu. Lambert alimwambia yote. Daktari hakupiga kelele, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Aliweka kidude cha kusikilizia kifuani kwa Léocadie akakaa nacho muda mrefu, akasema kuna sauti pale, kama mlango usiofunga sawasawa. Moyo utapigwa picha. Lakini ili ajue ni mdudu gani na dawa gani itamfikia, anahitaji damu isiyo na vidonge. Kwa kuwa leo hana homa na anapumua vizuri, aache kila kitu, aje kuangaliwa kila siku, na homa ikipanda waje saa hiyohiyo. Akianza kuhema, wasingoje homa.

Hivyo ndivyo Lambert alivyokaa kuingojea homa aliyoiombea miezi miwili iondoke. Kazini alikuta barua ya onyo kwa kuacha lindo, akaitia sahihi bila kuisoma. Jumatatu hakuna. Jumanne hakuna. Alipiga simu nyumbani kila saa mpaka Arlène akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mama anasema akome. Alimgusa mkewe paji la uso mara nyingi hata akapigwa kibao cha mkono. Aliogopa kwamba homa haitakuja, akaogopa kwamba itakuja, na akaona aibu kwa vyote viwili.

Na koridoni palikuwa pamenyamaza. Maman Clémentine alikaanga mandazi yake bila pambio. Tangu Jumapili hakuwasalimu.

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, Lambert aliamshwa na kitanda kinachotikisika.

"Imekuya," Léocadie alisema, meno yakigongana.

Safari hii hakuomba kungoja ishuke. Alivaa gauni la nyumbani, kilemba hakikushika akakiacha, akatoka mlangoni akijishikiza ukutani, kichwa wazi, anatetemeka mwili mzima, mume kando. Korido haijawahi kuwa ndefu vile. Mwishoni Maman Clémentine aligeuka na mwiko mkononi, akawatazama wakija.

Léocadie alisimama mbele yake. "Bwana asifiwe, Maman," alisema, na neno lilimtoka vipande vipande.

Mafuta yaliendelea kuchemka. Maman Clémentine alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, midomo ameibana.

"Ulinifanya nilie mbele ya watu," alisema.

Akazima jiko. Akafungua kitenge chake cha juu, akamzungushia Léocadie mabegani, akampitishia mkono kiunoni upande wa pili. "Papa Arlène, tangulia utafute gari. Unasimama nini?"

Hospitalini chupa zilikuwa tayari zimepangwa kwenye trei. Daktari alifunga kamba ya mpira kwenye mkono wa Léocadie, akashika kalamu, akauliza kwa Kiingereza swali lake lilelile. Lambert alifungua mdomo atafsiri.

Léocadie alimwekea kiganja kifuani. Alimtazama daktari machoni, akasema mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha saluni, "No. Five days, nothing."

Daktari akaandika hakuna. Damu ikaingia kwenye chupa ya kwanza, nyeusi kidogo, taratibu, na Lambert akaitazama mpaka ikajaa. Kisha akatafuta kiti, akakaa, na hakuinuka tena mpaka walipomwita.